Taa ya Fundi: Kutoka Kibatari hata LED

Walio katika vikundi vya kusikiliza na wasogee karibu na redio, na mmoja wao ashike daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu ambacho fundi hukishika kwa mkono wa kushoto wakati mkono wa kulia umeshika spana. Nasema juu ya taa.

Mafundi wa gereji za Makambako, na wale wanaotengeneza mashine za mbao huku Njombe, wameniuliza mara nyingi: Mwalimu, taa hizi zilizojaa madukani, tununue ipi? Ningeweza kujibu kwa dakika kumi. Lakini nimeona ya kuwa mtu asiyejua taa imetoka wapi, na ilikuja kumwondolea shida gani, huyo hudanganywa na maandishi ya kasha. Kwa hiyo tuanze mbali, kisha tufike dukani.

Tuanze na mhunzi. Katika nchi yetu hii ya kusini, kabla ya reli na kabla ya lami, Wapangwa wa huko Ludewa walijulikana sana kwa kuyeyusha na kufua chuma. Sasa, mhunzi hana kipimo cha joto. Hulijua joto la chuma kwa rangi yake: kwanza wekundu mzito kama damu, kisha wekundu mwangavu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Ukikitoa chuma kwenye jua kali huwezi kuziona rangi hizo sawasawa, na ndiyo sababu wahunzi wa dunia nzima hupenda kufanya kazi katika kibanda chenye kivuli. Likumbuke jambo hili la rangi. Tutalirudia karibu na mwisho, na hapo utaona kwamba fundi wa leo na mhunzi wa kale wana haja moja.

Baadaye yalikuja mafuta ya taa. Watu walijifunza kuyachuja kutoka katika mafuta ya ardhini na makaa katikati ya karne ya 19, na mwaka 1853 mtaalamu wa dawa mmoja wa Kipolandi, Ignacy Łukasiewicz, aliwasha taa yake ya mafuta hayo katika mji wa Lviv. Huku kwetu mafuta yakapata vyombo viwili. Cha kwanza ni kibatari, yaani mkebe na utambi, ambacho kila aliyesoma usiku kijijini anakijua kwa weusi alioukuta puani asubuhi. Cha pili ni taa ya chemli, au kandili. Hiyo ilikuwa kazi ya akili kweli. Mmarekani John Irwin alibuni, kati ya mwaka 1868 na 1874, namna ya kuupitisha upepo katika mabomba ya pembeni ili uulishe moto badala ya kuuzima. Kampuni ya Dietz ya New York ikazitengeneza taa hizo kwa wingi, na baadaye Wajerumani wa Feuerhand nao. Kwa sababu hiyo chemli haizimiki njiani hata upepo wa Njombe ukivuma.

Lakini chemli ilitoa mwanga kiasi gani? Kama mishumaa kumi hivi, si zaidi. Yatosha kula chakula na kusoma barua. Haitoshi kuona ufa katika chuma. Tena, na hili ndilo kubwa, ni moto. Ni moto uliofunikwa kwa kioo, lakini ni moto.

Watu wa barabara yetu kuu walilijua jambo hilo kwa hofu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru yenyewe. Mwezi uliofuata Uingereza iliinyima Rhodesia mafuta, nayo Rhodesia ikaikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Zambia haina bahari. Basi ndege zikaanza kubeba mapipa, na malori yakaanza kubeba mapipa, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na nyanda zetu hizi hata Mbeya na Tunduma. Barabara ilikuwa ya udongo. Masika yalipokuja ikawa tope, na kiangazi ikawa vumbi lisiloonyesha gari lililo mbele. Wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ndipo njia ile ikapumua. Lakini katika miaka ile ya mwanzo, fikiri juu ya dereva ambaye springi imemvunjikia saa nane za usiku, mvua inanyesha, nyuma yake yamepangwa mapipa ya petroli, na mkononi ana chemli. Asipowasha haoni. Akiwasha, je?

Katika miaka hiyohiyo karabai ilikuwa taa ya wenye uwezo. Jina hilo lina kisa chake. Limetokana na kabaidi, jiwe la kijivu ambalo ukilitia maji hutoa gesi iwakayo kwa mwanga mweupe. Magari mengi ya zamani yalikuwa na taa za namna hiyo, na wachimba migodi walizivaa kofiani. Kisha Mjerumani Max Graetz wa Berlin alileta taa ya Petromax karibu na mwaka 1910. Hiyo hutumia mafuta ya taa yaliyopigwa pampu na kuchomwa ndani ya kifuko kidogo cha kitambaa. Watu wetu hawakuhangaika kutafuta jina jipya, wakaiita karabai vilevile, ingawa kabaidi haimo hata chembe. Karabai iliangaza ukumbi mzima wa harusi. Kwa fundi haikufaa. Ina joto kali, inavuma, kile kifuko hupukutika ukiigusa kidogo tu, na huwezi kuilaza chini ya gari. Nadhani ilimfaa padri na mwenye duka kuliko ilivyomfaa mtu wa spana.

Taa ya kwanza iliyomfaa fundi ni tochi, ambayo wengine huiita kurunzi. Betri kavu ilikwisha buniwa huko Ujerumani mwaka 1886 na Carl Gassner, na tochi ya mkono yenye umbo tunalolijua ilipewa hati Marekani mwaka 1899. Kwetu Tanzania betri zilianza kutengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, katika kiwanda cha Matsushita, na jina la National likawa karibu ni jina la betri yenyewe. Tochi haina moto. Yaingia mahali chemli isipoweza kuingia. Ila ina kasoro moja: yataka mkono. Fundi ana mikono miwili na kazi yake yataka yote miwili. Kwa hiyo ama aliing'ata kwa meno, ama alimwita mtoto.

Hapa naomba niseme neno langu mwenyewe, maana mimi nilikuwa mtoto yule. Baba yangu mdogo alikuwa fundi makenika pale Makambako, kando ya barabara kuu, na kila likizo nilimshikia tochi. Wenzangu mliolelewa gereji mnajua kazi hiyo ilivyo ngumu. Unatazama mahali unapodhani anatazama, kumbe yeye anatazama pengine. "Mwanangu, unamulika kichwa changu au unamulika nati?" Baridi ya Juni inakukata vidole, mkono unatetemeka, mwanga unacheza, naye anakufokea. Lakini mtu anayelazimika kuufuata mkono wa fundi kwa mwanga, saa tatu, saa nne, hujifunza mkono ule unakwenda wapi na kwa nini. Spanaboi wengi walijifunza ufundi kwa njia hiyo kabla hawajaruhusiwa kugusa spana namba kumi. Taa za siku hizi zina sumaku na hujishikilia zenyewe, nami nazisifu, lakini sijui ni nini kimechukua mahali pa ile shule ya kushika tochi.

Mwaka 2001, nikiwa na miaka kumi, betri za tochi yetu zilikwisha jioni moja kazi ikiwa katikati. Baba mdogo alikuwa shimoni, chini ya gari dogo la mizigo, akiteremsha tangi la petroli lililokuwa linavuja. Mwenye gari alikuwa amesimama pale, ana safari ya Songea alfajiri. Baba mdogo akanituma dukani nikanunue betri. Lakini hakungoja. Alichukua taa ya waya, ile balbu ya kawaida ndani ya kizimba cha nyaya, akaichomeka kwenye umeme wa nyumba na kuilaza chini shimoni. Aliyeeleza baadaye ni spanaboi aliyekuwa juu. Alisema tone moja la petroli baridi liliiangukia balbu ya moto, kioo kikapasuka, na moto ukajaza shimo lote kwa mara moja kama mtu aliyefungua mlango. Nilirudi na betri mbili mkononi, nikawakuta watu wanamwaga mchanga. Baba mdogo alipona. Mkono wake wa kushoto haukukunja ngumi tena mpaka leo.

Nataka tuelewe kilichotokea, maana si bahati mbaya tu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Umande wa Njombe ukiganda mwezi wa Julai, bado petroli inatoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu, bali hutambaa chini na kulala shimoni kama maji. Na ule uzi ndani ya balbu ya kizamani, ukiwaka, una joto la nyuzi zipatazo 2,500. Kioo ndicho kilichovitenga vitu hivyo viwili, kioo chembamba kama ganda la yai. Tena umeme wa nyumba ni volti 230, na sakafu ya shimo huwa mbichi. Waya ukichubuka, fundi aliyelala majini anaweza kufa hata bila moto. Kwa sababu hizo mafundi waangalifu walikuwa wakitumia balbu ya volti 12 au 24 iliyounganishwa na betri ya gari. Hiyo iliondoa hatari ya kupigwa na umeme, lakini uzi wa moto ulibaki palepale.

Sasa tuje kwenye LED. Watu hudhani ni kitu cha juzi. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round alikwisha ona kipande cha madini kikitoa mwanga hafifu kilipopitishwa umeme, na katika miaka ya 1920 Mrusi Oleg Losev alichunguza jambo hilo kwa bidii. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak akatengeneza LED nyekundu iliyoonekana vizuri kwa macho. Kwa miaka 30 zikabaki kuwa vitaa vyekundu na vya kijani vya kwenye redio na mitambo. Ili kupata mwanga mweupe ilihitajika LED ya bluu, nayo ikawashinda wataalamu wengi. Wajapani watatu ndio walioipata: Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambaye mwaka 1993, akiwa katika kampuni ya Nichia, alionyesha LED ya bluu yenye nguvu. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Lakini uangalie, ndugu, jinsi mwanga mweupe unavyopatikana. LED yenyewe ni ya bluu. Juu yake hupakwa unga wa manjano. Bluu na manjano vikichanganyika, jicho huona weupe. Ukitazama taa hizi ikiwa imezimwa utauona unga huo wa manjano kama kiini cha yai. Ni werevu mkubwa, ila una udhaifu wake: mwanga wa namna hiyo, ukitengenezwa kwa unga wa bei rahisi, hauna wekundu wa kutosha. Hapo ndipo mhunzi wetu anaporudi.

Fundi husoma rangi mchana kutwa. Tone lililo chini ya gari, ni oili ya injini, au ni oili nyekundu ya gia otomatiki, au ni maji ya rejeta yenye rangi ya kijani? Waya huu ni mwekundu au ni wa kahawia? Kutu hii ni ya juu tu au imekula chuma? Chini ya taa mbovu yenye mwanga wa kibluu vitu hivyo vyote hufanana. Nimemwona fundi hodari akiunganisha waya wa kahawia mahali pa mwekundu, akaunguza fyuzi tatu, akailaumu gari. Kasha la taa njema huonyesha kipimo kinachoandikwa CRI au Ra. Mwanga wa jua ni 100. Taa ya 80 yafaa kwa kazi ya kawaida. Kwa nyaya na kwa rangi ya bodi tafuta 90 au zaidi. Kama kasha halitaji kipimo hicho kabisa, chukua kitambaa chekundu na cha kahawia uende navyo dukani. Mwenye duka atacheka, mwache acheke.

Kitu cha pili kilichoibadili taa ya fundi ni betri ya litiamu, ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991. Hii ndiyo iliyokata waya. Na hii ndiyo inayosemewa uongo mwingi, kwa hiyo sasa yule mwenye daftari aandike.

Betri iliyo ndani ya taa nyingi za mkononi ni kipande cha mviringo kiitwacho 18650, maana upana wake ni milimita 18 na urefu wake ni 65. Uwezo wake hupimwa kwa mAh. Kipande kizuri cha kawaida kina 2,600 hivi, na vilivyo bora kabisa vinafika kama 3,500. Ukiona kimeandikwa 9,900, usibishane na muuzaji, rudisha tu mahali pake. Hakuna kipande cha ukubwa ule chenye uwezo huo.

Zidisha 2,600 kwa volti 3.6, kisha gawanya kwa 1,000. Unapata 9 na kidogo. Hizo ni wati-saa 9, yaani betri hiyo yaweza kutoa wati 9 kwa muda wa saa moja, au wati 3 kwa saa tatu. Nayo LED njema hutoa mwanga wa lumeni kama 100 kwa kila wati. Kwa hiyo betri moja ina lumeni 900 za kutumia kwa saa moja, au lumeni 300 kwa saa tatu. Sasa tazama kasha linalosema: lumeni 2,000, saa 10, betri moja. Mbili elfu mara kumi ni 20,000. Ukigawanya kwa 900 unapata 22. Taa hiyo ingehitaji vipande 22 vya betri, na vipande hivyo peke yake vina uzito wa karibu kilo moja. Taa unayoishika ina uzito wa maembe mawili madogo. Basi umekwisha jua. Hesabu hii haihitaji chuo, nami nimeiona ikifanywa kwa chaki juu ya tairi.

Je, fundi ahitaji lumeni ngapi? Ili upate kulinganisha, ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 700. Kwa kazi ya ndani ya injini 300 hadi 500 zatosha kabisa. Zaidi ya hapo chuma chenye oili hung'aa na kukupiga machoni, ukawa kama aliyetazama jua. Kwa kuangaza gari zima au mashine nzima ya mbao, 1,000 na kuendelea. Afadhali taa mbili za kadiri zinazotoka pande mbili kuliko moja kali, kwa sababu taa moja huleta kivuli cha mkono wako mwenyewe palepale penye nati.

Kwa ninyi wa mbao, mnaofanya kazi na zile mashine za dingidongi porini na viwandani, nina neno la pekee. Kuna LED zinazowaka na kuzimika mara nyingi sana kwa sekunde, upesi kuliko jicho linavyoweza kujua. Chini ya taa ya namna hiyo msumeno unaozunguka waweza kuonekana umesimama, au unazunguka polepole. Mtu akapeleka mkono. Kuijua taa hiyo ni rahisi: iwashe, kisha itazame kwa kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye picha, itumie kutafutia viatu, usiitumie karibu na msumeno. Jaribu pia ikiwa imepunguzwa mwanga, maana taa nyingine huwa njema ikiwa kali na huanza kucheza ikipunguzwa.

Kuhusu maji na vumbi, tazama herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na mwisho wake ni 6. Ya pili ni ya maji. IP54 huvumilia vumbi na marasharasha, nayo yatosha gereji yenye paa. IP65 haiingizi vumbi wala maji ya mpira wa kuoshea. IP67 yaweza kuanguka katika dimbwi la mita moja ikakaa nusu saa, na hiyo ndiyo ningeichagua kwa mtu wa reli au wa barabarani. Kuna na herufi IK kwa kupigwa. IK08 maana yake imestahimili pigo kama la kitu cha kilo 1.7 kilichoangushwa kutoka sentimita 30. Taa ya fundi itaanguka. Hakuna fundi ambaye taa yake haikuanguka.

Sumaku iwe na nguvu. Ijaribu kwa kuibandika kwenye mlango wa chuma na kuufunga mlango kwa kishindo. Ndoano iwe ya chuma, si ya plastiki. Na betri iwe ya kutolewa kwa bisibisi, si iliyogandishwa ndani kwa gundi, maana LED yaweza kudumu miaka mingi lakini betri ya litiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Taa iliyogundishwa hufa pamoja na betri yake. Wauzaji hawapendi nikisema hivi, lakini ndivyo nionavyo mimi. Tena sisi wa huku juu tuna baridi yetu. Betri ya litiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi, na kuichaji ikiwa imeganda huiharibu kwa ndani. Usiku wa Juni na Julai usiiache garini. Iingize ndani, na uichaji asubuhi ikiwa imepata joto la nyumba.

Jambo la mwisho ndilo lile la shimoni. Baadhi ya watu wameniambia kwamba kwa kuwa LED haina uzi wa moto, sasa hatari imekwisha. Haikwisha. Imepungua sana, ndiyo, na kama baba mdogo angekuwa na taa hiyo mwaka ule nadhani mkono wake ungekuwa mzima. Lakini swichi huweza kutoa cheche, na betri ya litiamu ikipondwa huwaka yenyewe. Magari ya mafuta yapitayo Makambako kwenda Zambia ni mengi, na mengine huharibikia papo hapo. Kwa kazi ya tangi la mafuta kuna taa zilizotengenezwa mahsusi, zenye alama ya herufi Ex ndani ya umbo la pembe sita. Bei yake ni kubwa. Usipokuwa nayo, tangi litolewe mchana, nje, hewa ikipita, na taa ya kawaida iwashwe ukiwa mbali, kabla ya kusogea. Na mwenye gari akisema ana safari ya alfajiri, mwambie atalala.

Baba mdogo bado ana gereji yake. Siku hizi ana taa mbili za LED, moja ya sumaku na moja ya kuvaa kichwani, na shimo lile amelifukia. Mwezi uliopita nilimkuta amelala chini ya gari, taa imebandikwa kwenye chesisi inaangaza vizuri kabisa, na pembeni yake amechuchumaa mjukuu wake wa miaka tisa ameshika tochi ya zamani. Nikamwuliza, Baba, tochi ya nini tena? Akasema, "Hiyo si ya kwangu, ni ya kwake."

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kilete taa moja na kasha lake. Mfanye ile hesabu ya 900 mbele ya wote, kisha mwandike katika daftari kasha lilisema nini na hesabu ilisema nini. Juma lijalo tutazungumza juu ya nyaya za umeme katika gereji na namna ya kuzifunika. Kwaherini.